Linux inanionyesha joto la prosesa tu, la madabodi naliona wapi?

steshenari_majengo:
Wakuu habari za mchana. Nina kompyuta ya mezani hapa kwenye steshenari yangu Majengo, Moshi, nimeweka Linux ya Ubuntu, asubuhi inapiga kazi fresh ila ikifika saa nane na jua hili la Februari inajizima tu yenyewe, mteja CV yake iko nusu kwenye printa. Nikiandika amri ya sensors kwenye terminal naona Core 0 mpaka Core 3 za prosesa basi, zote nyuzi 52 hivi, na crit, yaani kikomo cha hatari, imeandikwa 100. Sasa joto la madabodi yenyewe na spidi ya feni naviona wapi? Naombeni msaada aisee, hii mashine ndio ada ya watoto.

kijana_wa_sakina:
Pole sana mkuu. Hizo Core zinasomwa ndani ya prosesa na moduli ya coretemp, moduli ni kipande cha programu kinachoiwezesha Linux kuongea na chipu. Madabodi ina chipu yake nyingine ya kusoma joto, volti na feni, na hiyo bado moduli yake haijapakiwa. Piga sudo sensors-detect, kwenye maswali we bonyeza Enter tu ufuate inavyopendekeza, kuna upekuzi mwingine unaweza kugandisha mashine. Mwishoni itakutajia moduli, chipu za Nuvoton nyingi ni nct6775, za ITE ni it87. Kama ni nct6775, ipakie kwa sudo modprobe nct6775 halafu sensors tena.

steshenari_majengo:
Imekubali kaka! Ila nimeshtuka, SYSTIN 61 alafu AUXTIN inasema 127!! Nizime?

dada_fundi_ar:
Usizime kaka yangu. Hiyo 127 ni mguu wa chipu ambao haujaungwa na sensa yoyote, inasoma hewa, achana nayo. Mimi inayonitia wasiwasi ni hiyo 61, maana SYSTIN ndio madabodi yenyewe. Na usipime mashine ikiwa imekaa tu, andika watch -n 2 sensors, inasoma upya kila sekunde mbili, uiache hapo huku unachapa na kuskani kama kawaida, uangalie Core zinapanda mpaka wapi. Tazama na mistari ya fan, ikisoma 0 RPM, yaani mizunguko sifuri kwa dakika, ni ama hapo hapajachomekwa kitu ama feni imegoma, itabidi ufungue boksi.

steshenari_majengo:
Nimerudi wakuu. Nikichapa Core zinafika 97, na fan2 ni 0 RPM. Nimefungua, feni ya nyuma imejaa vumbi limeshikana kama pamba haizunguki kabisa, nimeitoa nikaisafisha kwa brashi, na boksi nimelitoa kule chini ya meza nilikolibana na ukuta. Sasa hivi saa tisa, SYSTIN 43, Core hazijavuka 74 na nimechapa kurasa mia na kitu. Mungu awabariki sana.

kijana_wa_sakina:
Safi sana mkuu. Ongeza neno nct6775 kwenye faili la /etc/modules, la sivyo ukiwasha kesho hutaiona tena SYSTIN.