Naomba ushauri: binti yangu na mashindano ya kinanda

Wakuu, habari zenu. Binti yangu wa miaka 14 ameingia mashindano ya vijana wapiga kinanda cha kanisani, kile kikubwa cha mabomba. Nyumbani ana kibodi ya umeme ya vitufe 61, haina pedali. Huko atakuta safu mbili za vitufe na pedali 30 za miguu. Nimemchorea pedali sakafuni kwa chaki, anazikanyaga na soksi (msicheke), lakini akiunganisha na mikono, mguu wa kushoto unapotea kabisa.

Siku yenyewe atapewa saa moja tu kukizoea kinanda na kuchagua sauti. Saa hiyo aitumieje? Na kwa sasa afanye mazoezi ya miguu peke yake, au aiunganishe na mkono wa kushoto kwanza?