Shina la taji la miiba limelainika, bado linaokoleka?

Mama Pendo, Nakuru:
Hamjambo wapenda maua. Desemba nilinunua taji la miiba kando ya barabara, lile la maua mekundu. Muuzaji akaniambia nilimwagilie kila jioni, nami nikatii. Nimelipanda kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, udongo nilichota tu nyuma ya nyumba. Tangu mvua ya Aprili majani yamegeuka njano yakapukutika, na jana nilipobonyeza shina chini, kidole kilizama kama kwenye ndizi iliyopitiliza kuiva. Niongeze mbolea?

Mzee wa Ua, Kisumu:
Mama Pendo, mbolea weka kando, na huo mtungi wa maji pia. Huu ni mmea wa Madagaska, umezoea mawe na ukame. Majani kupukutika peke yake hakunisumbui. Wangu hapa Mamboleo hubaki miiba mitupu wakati wa kiangazi, mvua ikirudi huvaa upya. Shina kulainika ndiyo taabu. Mizizi imeoza.

Chini pameshakwenda, okoa juu. Kata kwa kisu kikali pale shina lilipo gumu. Ukiona doa la kahawia ndani, panda juu kidogo ukate tena, mpaka nyama iwe safi kabisa. Utatoka utomvu mweupe kama ule wa ojuok, yaani mnyaa, basi tumbukiza mkato kwenye maji hadi ukome. Na uvae glavu! Mwaka juzi nilijifuta jasho kwa mkono wenye utomvu, nikashinda mchana kutwa nikisafisha jicho kwa maji. Bibi yangu alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

Vipande viweke kivulini wiki nzima, mkato ufanye gamba. Hapo ndipo wengi hushindwa kungoja. Kisha panda kwenye udongo uliochanganywa na mchanga wa mto, nusu kwa nusu, maji kidogo sana mpaka uone jani jipya. Huo mkebe, umeutoboa?

Kijana wa Njoro:
Huku kwetu Julai ni baridi, kwa hiyo uweke penye ukuta unaopigwa na jua. Mzee, wangu una afya ila hauchanui. Uko verandani.

Mzee wa Ua, Kisumu:
Utoe nje polepole, jua la ghafla litauchoma. Kivulini utapata majani tu. Hata hayo mekundu tunayoyaita maua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude kidogo cha katikati.

Mama Pendo, Nakuru:
Nimekata. Mara mbili doa, ya tatu safi. Nimebaki na vipande viwili urefu wa kidole, viko juu ya kabati kwenye gazeti, Pendo asifikie. Mkebe ulikuwa na tundu moja la msumari, Mzee. Limezibwa na tope.