Mashine ya 40 inavuta kulia ukifungua mafuta: kipezi cha zinki kigeuzwe upande gani?

MajiYaMafia

Wakuu, habari za bahari.

Boti ni ya faiba, futi 23, mashine Yamaha Enduro 40 (nguvu ya farasi 40) ya kushika mkono. Mwendo wa pole iko sawa. Ikishapanda juu ya maji, mafuta yakifunguliwa robo tatu, boti inakimbilia kulia na mkono wa mashine unavuta kwenda kushoto kwa nguvu. Ukiuachia kidogo tu, boti inageuka.

Imeanza baada ya kubadilisha ile zinki yenye umbo la pezi, iliyo chini ya bamba, juu ya propela. Ya zamani ilikuwa imeliwa karibu nusu na imekaa upande. Tulidhani ililegea, kwa hiyo mpya imefungwa katikati, imenyooka kabisa.

Fundi mmoja anasema ncha ya nyuma igeuzwe kushoto, maana boti inakwenda kulia. Mwingine anasema igeuzwe kulia. Yupi yuko sahihi, na inageuzwa kiasi gani?

SpanaNaGrisi

Kulia. Boti ikivuta kulia, ncha ya nyuma ya kipezi inakwenda kulia. Ikivuta kushoto, inakwenda kushoto. Ile zinki ya zamani haikuwa imelegea, iliwekwa upande kwa makusudi.

Wanaosema kinyume wanafikiria msukani wa jahazi, na hapo ndipo wanapopotea. Kipezi hakigeuzi boti, kinageuza mashine, na mashine ndiyo inayogeuza boti. Boti inakwenda kulia kwa sababu sehemu ya chini ya mashine, penye propela, imesukumwa kulia. Ndiyo maana mkono, ambao uko upande wa pili wa mhimili mashine inapogeukia, unakwenda kushoto. Sasa ukiielekeza ncha ya kipezi kulia, maji yanayopita yanaigonga ile sura ya kulia na kuisukuma kushoto, pamoja na propela yake. Nguvu mbili zinapambana na mkono wako unapumzika.

Chanzo cha mvuto ni propela yenyewe. Ukiitazama kutoka nyuma, ya Enduro inazunguka kama mshale wa saa. Mhimili wake usipolala sambamba na maji, panga (jani la propela) linaloshuka upande wa kulia halibebi mzigo sawa na linalopanda upande wa kushoto. Mashine ikivutwa ndani, karibu na boti, panga la kulia linashika maji zaidi na mvuto unakuwa wa kulia. Ikisukumwa nje sana unahamia kushoto.

Namna ya kurekebisha:

Zima mashine, chomoa klipu ya kamba ya kuzimia na vua kofia za plagi. Mkono utakuwa karibu na propela, usifanye haya mashine ikiwa tayari kuwaka. Inua mashine na uifunge kwa kitasa chake.

Kabla ya kugusa bolti, chora mstari mwembamba kwa msumari: nusu juu ya bamba, nusu juu ya ubavu wa kipezi. Bila alama hiyo, baada ya majaribio matatu hutajua ulianzia wapi.

Bolti ni moja. Kuna mashine inaonekana moja kwa moja juu ya bamba, na kuna zingine imejificha ndani ya tundu lenye kifuniko cha mpira au plastiki upande wa nyuma. Tumia boksi spana inayokaa barabara, mara nyingi ni 12 au 13. Ukiona unga mweupe kuizunguka, usilazimishe: ni bolti ya chuma kisichoshika kutu iliyokaa ndani ya aluminiamu kwenye chumvi, na kichwa chake hukatika kirahisi. Mwagia mafuta ya kupenya, acha mpaka kesho, kisha gonga kichwa kidogokidogo kabla ya kufungua.

Legeza tu, usitoe. Halafu shusha kipezi kwa kidole mpaka kiachane na bamba. Hili wengi hawalifanyi. Vipezi vingi vina meno madogo juu yanayoingiliana na meno ya bamba, na ukikizungusha meno yakiwa yamebana, yanasagika. Baada ya hapo hakitashika mahali, kitajirudisha chenyewe ukiwa safarini.

Sogeza ncha ya nyuma milimita 3 hivi, au jino moja. Kaza, nenda kajaribu, rudi. Usianze na nyuzi 15 kwa sababu tu mvuto ni mkali, utajikuta boti imehamia upande wa pili.

Tezi_na_Omo

Fundi amemaliza upande wa kipezi. Naongeza mambo ya kutazama kabla ya kushika spana, maana kipezi kinalaumiwa kwa makosa ambayo si yake.

Ile pini inayopita kwenye matundu ya brakiti inayoshika mashine nyuma ya boti, ambayo mashine inaiegemea, iko tundu la ngapi? Kama kuna aliyeihamisha kwenda tundu la ndani, mvuto wa kulia umeongezeka papo hapo. Irudishe nje tundu moja, jaribu. Usizidishe: mashine ikitoka nje sana, omo (mbele ya boti) inainuka, boti inarukaruka na huenda ikavuta kushoto. Mpangilio wa pini unatangulia, kipezi kinafuata. Ukibadilisha pini baadaye, kipezi utakirekebisha upya.

Pili, kimo. Bamba la juu ya propela linatakiwa kuwa usawa wa chini ya boti au milimita 25 chini ya hapo, zisizidi. Weka ubao ulionyooka chini ya boti, uchomoze nyuma, kisha upime. Mashine ikiwa juu mno, kipezi kinapita kwenye povu na hewa, na hata ukikigeuza vipi hakina maji ya kusukumana nayo.

Halafu mzigo. Tangi la mafuta na sanduku la barafu vikiwa upande mmoja, na nahodha naye kakaa upande huohuo, boti inalala na inavuta. Sawazisha hivyo kwanza.

Jaribio lifanyike asubuhi kabla upepo haujaamka, maji yakiwa yamesimama, na mzigo wa kila siku. Kimbia kwenda na kurudi kwenye mstari uleule. Kama inavuta kulia ukienda na kushoto ukirudi, huo ni upepo au mkondo, kipezi kiache.

Na ule mpini wa kukazia mkono wa mashine si dawa ya mvuto. Ukiukaza sana, mvuto hauondoki, umeufunika tu, na siku ya kukwepa gogo au mtumbwi mashine itagoma kugeuka.

MajiYaMafia

Shukrani sana wakuu. Pini iko tundu la pili kutoka ndani, kimo ni milimita 15 chini ya boti. Nimegeuza ncha kulia mara mbili, jumla kama milimita 6. Kwa robo tatu ya mafuta sasa inakwenda moja kwa moja, mkono mwepesi.

Mawili yamebaki. Nikifungua mafuta yote bado inavuta kulia kidogo. Je, niongeze? Na zinki naweza kuipaka rangi ya bahari ili isiliwe haraka?

SpanaNaGrisi

Usiongeze. Kipezi kinasawazisha mwendo mmoja na mwinamo mmoja, hakuna pembe inayotosha miendo yote. Weka kwenye mwendo unaotumia saa nyingi za siku, na kwako ni hiyo robo tatu.

Rangi hapana, hata tone. Zinki imewekwa iliwe yenyewe ili gia boksi isiliwe. Ukiipaka rangi, chumvi itahamia kwenye aluminiamu ya mashine. Hata pale inapogusana na bamba pawe chuma kitupu: piga msasa pang'ae, grisi weka kwenye nyuzi za bolti tu. Ikiliwa nusu, badilisha, na mpya ifungwe pembe ileile. Eneo lake likipungua mvuto unarudi taratibu, hivyo mkono ukianza tena kuchoka, chungulia zinki kabla hujagusa kingine.

Tezi_na_Omo

Kaza tena hiyo bolti baada ya safari ya kwanza, na utazame kama ule mstari wa msumari umehama kutoka pale ulipouacha.

Jambo la mwisho ni kamba ya kuzimia. Ifunge mguuni au kiunoni kila safari, hata sasa boti inapokwenda moja kwa moja. Mashine ya kushika mkono ikiachiwa ghafla kwenye mwendo, propela inajigeuza hadi mwisho, boti inakata kona kali na kumtupa nahodha nje, kisha inaendelea kuzunguka palepale alipoangukia.