Kupitisha waya kwenye ndege ya kujiundia, naombeni muongozo kabla bawa halijafungwa

fundiwaya_nyakato

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Nyakato hapa hapa Mwanza. Kuna mzee mmoja rafiki yake baba anaunda ndege yake mwenyewe, ya viti viwili, bodi ya alumini, ililetwa vipande vipande kwenye makreti na yeye anaunga taratibu. Injini ni Lycoming O-320 ile ya magineto mbili, yaani vile vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za plagi. Sasa mabawa bado yako wazi, bati la chini halijapigwa ribiti, na mzee ameniita nimchoree waya zitapita wapi, kasema akishafunga hataki kufungua tena.

Umeme wa gari naujua, Noah, Fuso, Costa, zote nafanya wayaringi nzima. Ila hii inanipa hofu mana gari likikata umeme Buzuruga unasogea pembeni unapiga simu, huyu mzee anataka kuvuka maji mpaka Ukerewe. Nilichofikiria ni kukusanya waya zote za bawa ziwe hanesi moja, za taa za nchani, taa ya kutua, geji ya mafuta, zote, nizizungushie tepu nyeusi mwanzo mwisho, nipite njia fupi kuliko zote mpaka kwenye paneli, na hasi nigonge kwenye bodi pale pale taa ilipo. Betri anataka ikae nyuma ya viti kwa ajili ya uzito. Waya za gari ninazo nyingi tu dukani, za Mjapani, nzuri. Mwenye kujua anisaidie, nisije nikamfungia mzee wa watu kifo ndani ya bawa.

mekanika_hanga

Mkuu umefanya vizuri sana kuuliza sasa hivi. Mimi ni fundi wa ndege ndogo, nitakujibu kwa kadiri ninavyofanya kazini.

Hiyo njia fupi iondoe kichwani kwanza. Kwenye ndege waya unapita mahali ambapo haugusi kitu na mtu anaweza kuufikia hata baada ya miaka kumi, basi, urefu unafuata baadaye. Injini inatetemesha bodi muda wote ndege ikiwa hewani, kwa hiyo waya ukigusa ukingo wa bati hata kidogo utasagika mpaka shaba itokeze, na bodi ndio hasi, hapo umeshapata shoti na cheche mahali ambapo hakuna mtu anayeona. Kila tundu kwenye mbavu za bawa liwe na raba yake. Hanesi ishikwe na klampu zenye raba, nafasi kati ya klampu na klampu isizidi inchi 24, na ukiibonyeza kwa mkono taratibu katikati isishuke zaidi ya nusu inchi. Kona usizikunje kali, mzunguko wa kona uwe na nusu kipenyo angalau mara kumi ya unene wa waya mnene kuliko zote kwenye hanesi. Vipimo hivi vipo kwenye kitabu cha AC 43.13-1B cha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, sura ya 11 ni umeme mtupu, inapakuliwa bure mtandaoni, ipakue uisome na mzee.

Halafu kabla hujachora mstari wowote mwambie mzee akae kwenye kiti asukume usukani mpaka mwisho kila upande, na pedeli za miguu pia, wewe uwe ndani na tochi unaangalia zile kamba za chuma na vyuma vya usukani vinafika wapi. Waya ikae inchi 3 mbali na hizo kamba. Mtu anapima usukani ukiwa katikati anaona nafasi ipo, kumbe ukizungushwa mpaka mwisho chuma kinakuja kukaa juu ya waya.

Bomba la mafuta nalo, waya ipite juu yake isipite chini, mana likivuja ukiwa chini mafuta yanadondokea kwenye waya. Acha inchi 6 kama nafasi inaruhusu, pakibana shika bomba kwa klampu yake na waya kwa klampu yake ili visisogeleane.

Na waya wa geji ya mafuta naomba usiuchanganye kabisa na hanesi ya taa. Ule unaingia ndani ya tenki. TWA 800, Boeing 747 iliyolipuka karibu na New York tarehe 17 Julai 1996 wakafa watu 230, wachunguzi walisema chanzo chenye uwezekano mkubwa ni shoti iliyotokea nje ya tenki ikapeleka umeme mkubwa kwenye waya za geji ya mafuta, ndani kulikuwa na mvuke. Ndege ya mzee ni ndogo lakini mvuke wa petroli nao unalipuka.

boti_za_kirumba

Mimi nafunga umeme kwenye boti hapa Kirumba, ndege sijawahi kugusa ila hiyo tepu nyeusi naipinga kwa nguvu zote. Kwa joto letu gundi inayeyuka, tepu inafunguka, halafu unyevu wa ziwa unaingia ndani unakaa humo humo hautoki, ukija kufungua unakuta shaba ya kijani. Tumia waya ambao nyuzi zake za shaba zimepakwa bati, zile nyeupe nyeupe, hazili kutu haraka. Na waya unapoingia kwenye soketi uache ning'inio kidogo chini kabla haujapanda, ili maji yakitiririka juu ya waya yadondokee pale chini yasiingie kwenye soketi. Hili usilidharau, umande wa alfajiri hapa ziwani unalowesha kila kitu.

mekanika_hanga

Boti_za_kirumba uko sahihi kabisa. Naongezea, waya za gari nyingi zina ganda la PVC, likiungua linatoa moshi wa sumu na kwenye kibanda cha watu wawili hakuna pa kukimbilia. Za ndege ganda lake ni Tefzel, zimeandikwa M22759/16, shaba iliyopakwa bati na ganda linavumilia joto la nyuzi 150 za Selsiasi. Ni ghali, ndiyo, lakini ndege nzima ya viti viwili haimezi nyingi hivyo. Za dukani ziache kwa ajili ya Noah.

fundiwaya_nyakato

Wabeja sana wakuu, nimeshaanza kufuta mchoro wangu. Sasa mnisaidie hapa, hasi je? Kugonga kwenye bodi ni kosa? Na nitajuaje unene wa waya bila kubahatisha? Na hii ya betri nyuma?

mekanika_hanga

Taa za nchani kwenye bodi ya alumini unaweza kugonga pale pale, kwangu sina shida nazo, bati likwanguliwe rangi vizuri na boliti ikazwe. Lakini vitu vya redio, intakomu, vifaa vya paneli na vipimo vya injini, hasi zake zote zikutane sehemu moja kwenye ukuta wa kuzuia moto, ule ulio kati ya injini na kibanda, na waya mnene wa hasi wa betri uje hapo hapo. Ukizitawanya kila moja na sehemu yake utasikia mlio wa alteneta kwenye hedifoni safari nzima. Karibu na dira usipitishe waya wa umeme mkubwa, na taa ya dira yenyewe chanya na hasi zisokotwe pamoja ili zisiivute sindano.

Unene piga hesabu. Kwa mfumo wa volti 14 kifaa kinachowaka muda wote kisipoteze zaidi ya nusu volti njiani. Chukua taa ya kutua ya kizamani ya wati 100, inakula kama ampia 8, na waya wa mita 5 hivi. Waya wa geji 18 (geji ni unene, namba ikishuka waya unakuwa mnene) utapoteza volti 0.84, imefeli. Geji 16 ni 0.53, bado. Geji 14 ni 0.33, hiyo ndiyo. Sasa mshauri mzee aweke LED ya wati 30, inakula ampia 2 na kitu, hapo geji 20 inatosha kabisa, umepunguza uzito, na breka (ile inayokata umeme ukizidi) inakuwa ndogo. Na breka inalinda waya, hailindi taa, geji 22 ampia 5, geji 20 ampia 7.5, geji 18 ampia 10, usipandishe eti kwa sababu inakata kata.

Betri nyuma ni sawa ila solenoidi yake kuu, yaani ile rilei kubwa inayoamrishwa na swichi kuu, ikae hapo hapo kwenye betri, isikae mbele. Ule waya mnene wa stata unapita urefu wa kibanda chote chini ya miguu ya watu, rubani akizima swichi kuu inabidi ufe wote. Solenoidi ikiwa mbele utabaki na moto hata swichi ikiwa imezimwa, na siku ndege imeanguka vibaya huo ndio unaowasha mafuta.

sengerema_one

Nami niongezee moja, acheni bomba tupu la plastiki ndani ya kila bawa na uzi umelala humo ndani mpaka nchani. Mzee kesho atataka kamera au taa nyingine, atavuta tu. Midomo ya hilo bomba izibwe, nyigu wetu hawa wa udongo wakiona tundu hawalali, na panya pia.

fundiwaya_nyakato

Hilo la uzi nimelipenda. Swali la mwisho, waya za magineto napitisha na zile nyingine?

mekanika_hanga

Hapana, peke yake, na ziwe zenye wavu wa chuma juu. Na hapa nisikilize vizuri kwa sababu ni kinyume na gari. Magineto haihitaji betri, inajitengenezea moto yenyewe, ule waya kazi yake ni KUIZIMA kwa kuipeleka kwenye bodi. Maana yake waya ukikatika injini haizimiki, na swichi itakuonyesha imezimwa huku magineto iko hai, mtu akisukuma propela kwa mkono inaweza kuwaka ikamkata. Kwa hiyo ushike kwa klampu karibu na magineto ili mtetemo usiuvunje shingoni, lagi zake, vile vichwa vya chuma vya mwisho wa waya, zibanwe kwa plaizi ya kubania yenye meno ya kujifunga, usichomee risasi, risasi inafanya waya uwe mgumu pale unapoishia na ndipo unapokatikia. Andika jina kila ncha, zote mbili. Na siku mnaunga, kabla plagi hazijarudishwa na waya haujafungwa kwenye magineto, pima kwa mita ncha ya kila waya, swichi ikiwa imezimwa isome imegusa bodi, ukiwasha isome imeachia.

Na mzee aongee na TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, kabla hajapiga ribiti ya bati la chini. Piga picha za kila mbavu ukiwa na mita ya fundi cherehani kando ya waya, zitawasaidia wao na wewe mwenyewe. Ukimaliza mchoro mpya uweke hapa tuupitie.