Lusajo, Rusajo na Lusako: ni mbinu ipi ya kulinganisha majina inayofaa rejesta ya wakulima?

Karani wa Rungwe ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninatunza rejesta ya chama cha ushirika cha wakulima wa chai huku Rungwe, yenye majina 6,000 hivi, ambayo kwa miaka mingi yaliandikwa na makarani wa mizani kwa kuyasikia tu, kila mmoja na tahajia yake. Kwa sababu hiyo mkulima mmoja huonekana mara mbili, nusu ya majani yake yakiwa kwa Lusajo na nusu kwa Rusajo, na siku ya malipo tunabaki kubishana dirishani. Nimesoma kuhusu Soundex, Jaro-Winkler na umbali wa Levenshtein, mbinu tatu za kompyuta za kupima jinsi majina yanavyofanana. Ipi inafaa kwa majina ya kwetu? Nisingependa kumuunganisha Lusajo na Lusako, kwa kuwa la kwanza ni baraka na la pili ni bahati, na wenye majina hayo ni watu wawili.

Mzee wa Takwimu, Mbeya:

Ndugu Karani, Soundex iachie mbali. Ilipewa hataza Marekani mwaka 1918, na makundi yake ya sauti yanafuata Kiingereza. Hubakiza herufi ya kwanza, huondoa irabu pamoja na h, w na y, kisha huzipa konsonanti zinazofuata tarakimu za makundi yao, zisizidi tatu; zikipungua, nafasi hujazwa sifuri. Kundi la 2 limebeba c, g, j, k, q, s, x na z kwa pamoja. Fanya hesabu mwenyewe: Lusajo ni L220, Lusako ni L220, lakini Rusajo ni R220. Imewaunganisha wale uliotaka watengane, ikawatenganisha wale uliotaka waungane! Hata Ambakisye na Ambokile wote wanapata A512.

Mjukuu wa Kalenga, Iringa:

Kamwene. Jaro-Winkler, inayoipa kila jozi ya majina alama kati ya 0 na 1 (1 ni kufanana kabisa), nayo itakuangusha, ila kwa njia nyingine. Winkler aliongeza alama kwa majina yanayofanana mwanzoni, hadi herufi nne, kwa hoja kwamba watu hukosea zaidi katikati na mwishoni. Sasa tazama: Lusajo na Lusako wanapata takribani 0.93, ilhali Lusajo na Rusajo wanapata 0.89. Na kwa ukoo wa akina Mwak- hali ni mbaya zaidi, kwa sababu Mwakalinga na Mwakilima wanazawadiwa nyongeza yote kwa kiambishi ambacho nusu ya rejesta yako inacho. (Kosa hili la kuamini herufi ya kwanza halikuanza leo: Wajerumani walimwandika Mkwawa kama Quawa, na ukimtafuta kwa M katika nyaraka zao humpati.)

Levenshtein, ya mwaka 1965, huhesabu tu herufi ngapi zimeongezwa, zimeondolewa au zimebadilishwa. Kwake Rusajo na Lusako wote wako hatua moja kutoka kwa Lusajo. Hiyo ni sare, lakini sare inarekebishika: badala ya kutoza kila badiliko hatua nzima, toza l na r hatua 0.2 tu, kwa kuwa Kinyakyusa kinatumia l na karani mgeni ndiye anayeingiza r. Fanya hivyo pia kwa y na i, ili Mwakyusa na Mwakiusa wakutane. Badiliko la j na k liache na gharama yake kamili.

Mzee wa Takwimu, Mbeya:

Naafiki. Ongeza jambo moja: majina 6,000 yanatoa jozi 17,997,000, kwa hiyo linganisha kwanza ndani ya kituo kimoja cha kununulia majani. Wala usiiruhusu programu iunganishe watu yenyewe. Itoe orodha, kisha mtu anayewafahamu wakulima aipitie.

Karani wa Rungwe:

Ahsanteni sana. Nimejaribu kwa kituo kimoja, na Rusajo amepanda juu ya orodha huku Lusako akibaki chini. Kumezuka tatizo ambalo sikulitarajia, nalo ni babu na mjukuu aliyerithi majina yake yote, herufi kwa herufi, wanaouza majani kwenye mizani ileile. Umbali wao ni sifuri, na gharama za herufi haziwagusi. Nimerudi kijijini kuandika miaka ya kuzaliwa.