Faibroidi (uvimbe wa kwenye kizazi) bila kupasuliwa, wanapitisha mrija kwenye mshipa tu. Kuna aliyefanyiwa hapa?

Kanga Mbili
Habari za jioni wapendwa, wakubwa shikamooni. Nina miaka 44, nipo Morogoro, watoto watatu na habari ya kuzaa nimeshaifunga. Tangu mwaka juzi hedhi imekuwa mtihani, siku 9 mpaka 11, mabonge, usiku natandika mpira juu ya godoro kama nina mtoto mchanga, na kwenye daladala nasimama hata kiti kikiwepo maana naogopa kuinuka. HB (kipimo cha wingi wa damu) ilishuka mpaka 6.8 wakaniongezea damu chupa mbili. Altrasaundi imeona faibroidi nne, kubwa yao sentimita 8, kizazi kimefika kama mimba ya wiki 16. Daktari niliyekuwa naenda kwake akaandika kutoa kizazi, nikamuuliza hakuna njia nyingine? akanijibu mama, kizazi unakitakia nini tena. Nililia mpaka stendi.

Sasa mdogo wangu wa Dar anasema Muhimbili wanaziba mishipa inayolisha uvimbe bila kukupasua, unalala siku moja mbili unarudi kwako. Mume wangu anasema hayo ni majaribio tuwaachie wenzetu kwanza. Ni kweli ipo? Inauma?

Mamantilie wa Mbagala
Ipo, mimi nimefanyiwa. Aliyekwambia haiumi ni muongo lakini ngoja nikueleze vizuri. Ile yenyewe haiumi, wanakuchoma ganzi kwenye kinena, katundu kadogo hata nyuzi hawashoni, wanaingiza mrija mwembamba wanaufuata kwenye skrini kwa eksrei, mimi nilikuwa macho nasikia wanapiga stori zao, wakimwaga ile dawa ya kuonyesha mishipa unasikia joto linapita mpaka unadhani umejikojolea (hujajikojolea). Kazi ni baada ya hapo. Uvimbe ukikosa damu unalalamika shoga yangu, masaa yale ya kwanza ilikuwa uchungu wa kuzaa kabisa ila mtoto hayupo, nikachomwa sindano za maumivu mara kadhaa, na mguu huruhusiwi kuukunja masaa mengi. Nililala siku mbili. Nyumbani wiki nzima homa ya hapa na pale, kichefuchefu, sitaki hata harufu ya vitunguu na mimi kazi yangu ndiyo hiyo hiyo. Wiki ya tatu nipo jikoni.

Hedhi ya kwanza bado ilikuwa nyingi nikasema nimeliwa hela, ya tatu siku tano. Baada ya miezi sita ule wa sentimita 7 ukawa 5.

Kanga Mbili
7 kuwa 5 tu? Nilidhani unaisha kabisa.

Mzee wa Eksrei
Dada usipime kwa rula. Uvimbe ni kama chungwa, ukitoka sentimita 7 kwenda 5 umepoteza zaidi ya nusu ya nyama yake. Hauishi, unanyauka, na kinachokuua wewe ni damu sio ukubwa.

Mwambie shemeji sio majaribio, Wafaransa walitangaza matokeo yao ya kuziba mishipa ya faibroidi 1995, na kupitisha mrija mshipani ili kutibu kulianza Marekani 1964 kwa daktari anaitwa Charles Dotter, alimzibua mshipa wa mguu bibi wa miaka 82 aliyekuwa akatwe mguu, bibi akaendelea kutembea. Kwetu ndio ilichelewa, mafunzo ya madaktari wa fani hii yalianza Muhimbili 2018 wakishirikiana na watu wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, kabla ya hapo radiolojia (fani ya picha za mwili) kwa wengi ilikuwa kusoma picha na kuandika ripoti basi.

Ila usiende na altrasaundi peke yake. Omba MRI ionyeshe kila uvimbe umekaa wapi, maana ule unaoning'inia nje ya kizazi kwa kishina chembamba si mzuri kwa njia hii, na ule uliochungulia ndani unaweza kukatika ukatoka wenyewe kwa chini na kuleta maambukizi. Kipimo cha figo, kreatinini, lazima kwa sababu ya ile dawa ya mishipa. Na kwa umri wako na damu inavyotoka wachukue kinyama ndani ya kizazi kwanza wahakikishe sio saratani. Hicho usikubali kirukwe.

Wambui wa Rongai
Mimi niko Nairobi na nilikuwa nimeshaamua naenda kufanyiwa hiyo, hata likizo nimechukua, kufika daktari ananiuliza, unataka mtoto? Nikasema ndio, niko na 34. Akakataa. Akasema kwa mtu anatafuta mimba bado wanapendelea kufungua na kutoa uvimbe peke yake wakaacha kizazi. Nilikasirika lakini nilishukuru baadaye kwa sababu angechukua tu pesa yangu. Wewe ushamaliza kuzaa so ni rahisi kidogo. Lakini ujue ukikaribia 45 kuna wenye hedhi hukatika moja kwa moja baada ya hii kitu.

Tabibu Asilia
Dada njoo inbox kuna unga wa kuyeyusha faibroidi siku 21

Mamantilie wa Mbagala
Unga upikie ugali. Nilimeza hayo madude mwaka mzima, HB ikafika 5.

Sijaribiwi
Msiipambe sana hiyo njia jamani. Dada yangu alizibwa mishipa nje ya nchi, miaka minne baadaye damu ikarudi na kizazi kikatolewa vilevile. Waholanzi waliwafuatilia wanawake waliozibwa mishipa kwa miaka 10, karibu theluthi moja waliishia kutolewa kizazi. Kwa hiyo huyo daktari wa kwanza mdomo wake mchafu ila alichoandika sio uchawi.

Mzee wa Eksrei
Kweli kabisa. Na theluthi mbili hawakutolewa. Yeye ana 44, akisogea mpaka hedhi ikome yenyewe ameshinda.

Kijana wa Tandika
Sio faibroidi lakini baba yangu alikuwa wa njano macho mpaka kucha, njia ya nyongo imeziba, wakampitishia mrija ubavuni wakiangalia kwa skrini, nyongo ikatokea kwenye mfuko. Kwa mara ya kwanza baada ya mwezi alilala bila kujikuna. Mfuko tulikuwa tunauosha sisi nyumbani, ulizeni mambo ya kuhudumia mapema maana hakuna aliyetuambia.

Kanga Mbili
Nimesoma yote, nimemsomea na baba watoto, kwa bibi wa mguu akacheka akasema haya twende. Nimeanza na vidonge vya damu, nimeshapewa rufaa, MRI Jumanne. Bima nimeambiwa niombe kibali kwanza kabla sijapanda basi. Mamantilie, hicho kinena ulinyoa mwenyewe au wananyoa wao?

Mamantilie wa Mbagala
Wananyoa wao. Nenda na dera pana na mtu wa kukushika, na usile vitunguu.