Tupeane uzoefu: kutoka grini kadi hadi kula kiapo cha uraia Marekani

Mleta mada, Houston

Habari zenu wakuu. Mwezi wa tatu mwakani natimiza miaka mitano na grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), na sheria inaruhusu kupeleka fomu N-400 ya kuomba uraia siku 90 kabla. Natunza wazee majumbani mwao, nina binti wa miaka 12. Fomu nimeisoma mara tatu, siyo inayonisumbua. Yananiumiza kichwa mawili. Mama alipougua nilikaa Morogoro miezi saba kasoro siku chache. Halafu mimi ni Mtanzania, najua nikila kiapo pasi yangu inaishia wapi. Waliopita njia hii naomba wasimulie yaliyowakuta wenyewe. Kila anayeniambia "usiogope, watu wote wanapita" ananiongezea hofu. Natanguliza shukrani.

Mdau, Columbus

Pole kwa kuuguza, dada. Mimi nilikwenda Tanga kumzika baba, mambo ya mirathi yakanishika, nikarudi baada ya miezi sita na siku 11. Ukizidi miezi sita nje, wanachukulia kwamba umekatisha ukaazi wako mpaka uwathibitishie vinginevyo. Ukifikisha mwaka, hesabu yako ya miaka mitano imevunjika.

Ofisa wa intavyuu aliniuliza: nyumba yako ya huku nani alikuwa anailipia? Nikatoa mkataba wa pango, risiti za umeme, ritani za kodi, barua ya mwajiri kwamba nafasi yangu ilinisubiri, na ripoti za shule za watoto waliobaki na mke wangu. Akazipitia bila neno. Nililoa jasho. Kisha akafunga faili, akaanza maswali ya historia.

Wewe beba na karatasi za hospitali za mama, zenye tarehe. Na safari zako zote zipange leo, maana fomu inataka kila safari ya saa 24 au zaidi. Mihuri ya pasi yangu ilikuwa imefifia, nikalazimika kufukua tiketi kwenye barua pepe za zamani. Jumla ya siku ulizokuwa ndani ya Marekani nayo isipungue miezi 30, hilo ni sharti jingine kabisa.

Mdau, Louisville

Salamu wapendwa. Yangu ni ya mama. Tulitoka Uvira, Kongo, tukakaa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu miaka 19, tukafika Kentucky 2016. Sisi wakimbizi tunaomba grini kadi baada ya mwaka mmoja, na ikitoka inahesabiwa tangu siku tuliyoingia nchini. Kwa hiyo 2021 mama alikuwa tayari ameiva kuomba uraia.

Shida ilikuwa kusoma. Mama alifika akiwa na miaka 58, na hata Kiswahili alikuwa hajui kukisoma. Kuna msamaha wa mtihani wa Kiingereza kwa aliyetimiza miaka 55 na kukaa na grini kadi miaka 15, kwake ungekuja 2031. Akasema hasubiri. Jumanne na Alhamisi jioni alikuwa darasa la kanisani, akirudi anaandika herufi nyuma ya bahasha za bili. Nilimkuta usiku mmoja jikoni anajisomea kwa sauti, kidole kikifuata neno kwa neno, hataki nimsaidie.

Siku ya intavyuu maswali ya uraia alipata yote sita ya kwanza, wakasimama hapo, maana wakati ule ulikuwa unaulizwa 10 unatakiwa kupata sita. Kusoma akashindwa. Unapewa sentensi tatu, moja tu inatosha, hakuweza hata moja. Alilia mpaka nyumbani. Lakini ada moja ina nafasi mbili: wanakuita tena kati ya siku 60 na 90, unarudia kile ulichoshindwa tu. Mara ya pili alisoma.

Mnisamehe nimeandika sana. Mama yangu hakuwahi kushika karatasi inayosema yeye ni wa mahali fulani. Kambini alikuwa namba ya familia, na tarehe yake ya kuzaliwa walimwandikia 1 Januari kama jirani zake wengi. Pasi ilipofika kwa posta aliiweka chini ya mto.

Wenye wazee, angalizo: waliopeleka fomu kuanzia 20 Oktoba 2025 wanasoma maswali 128, wanaulizwa hadi 20 na wanatakiwa kupata 12. Vitabu vya maswali 100 ni vya zamani.

Mdau, Atlanta

Mimi ni Mkenya, nilipitia ndoa. Ukiishi na mwenzi raia ni miaka mitatu badala ya mitano. Kadi ya kwanza ilikuwa ya miaka miwili, na ndani ya siku 90 kabla haijaisha lazima mpeleke fomu I-751 kuondoa masharti ya kadi hiyo. Kuhusu uraia wa zamani, Katiba yetu ya 2010 haimnyang'anyi aliyezaliwa Mkenya, ila unatakiwa kutoa taarifa ndani ya miezi mitatu. Poleni ndugu zetu wa Tanzania kwa hilo.

Mdau, Seattle

Dada, nikujibu la pili. Niliapa miaka tisa iliyopita. Marekani haikuninyang'anya pasi yangu, ni sheria yetu ya uraia ya 1995 inayosema mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari anaupoteza wa Tanzania. Safari ya kwanza nyumbani nilipanga foleni ya wageni, nikalipa viza dola 100, na ofisa kijana akanikaribisha nchini kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kiswahili. Aliinamisha kichwa, akasema "karibu nyumbani, kaka." Nililikumbuka neno hilo safari nzima hadi Tukuyu.

Shamba la baba lilikuwa limebaki jina langu na la mdogo wangu. Mgeni hamiliki ardhi Tanzania kama raia, kwa hiyo tulilimalizia kwake kabla sijaapa. Kama una kiwanja au urithi, shughulikia kwanza. Hadhi Maalumu kwa wenye asili ya Tanzania ipo sasa, ifuatilie, lakini siyo uraia na haikupi kura.

Sijutii. Binti yangu alikuwa na grini kadi, yuko chini ya miaka 18 na anaishi nami, akawa raia siku hiyohiyo bila kuomba. Wako pia atapata, kama ana grini kadi na anaishi nawe.

Mleta mada, Houston

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Mama wa Louisville mpeni salamu zangu. Kiwanja cha Kihonda kina jina langu peke yangu, kwa hiyo fomu haiendi mpaka nikalishughulikie hilo. Leo nimempigia dada, kesho asubuhi anakwenda hospitali kuulizia karatasi za mama.